Stoo ya kukodi Uingereza: karatasi za nyumbani zikae wapi, na fenicha za mwanafunzi zikae wapi

Kila mwaka Juni ikikaribia simu yangu huanza kulia. Ni wazazi wenzangu, Watanzania na Wakenya tunaoishi hapa Uingereza, na shida ni ile ile: mtoto anatakiwa akabidhi chumba cha chuo Jumamosi, nyumba aliyopanga na wenzake wataingia Septemba, na kwao hapana pa kuweka hata kiti. Basi wanaamua kukodi stoo. Na wakishaamua, baba anatazama mafaili yaliyojaa chini ya kitanda anasema, "Na hizi karatasi nazo ziende huko huko." Hapo ndipo ninapowaomba wasimame kwanza.

Stoo zenyewe mmeziona. Mabango ya Self Storage yako pembezoni mwa karibu kila mji, majengo makubwa ya mabati yenye milango ya rangi kali. Unalipa kwa wiki au kwa mwezi, unapewa chumba chako, unatia kufuli lako na ufunguo unabaki nao mwenyewe. Kwa fenicha ni msaada mkubwa. Kwa karatasi, inategemea ni karatasi gani.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Tulihama nyumba ya vyumba vitatu tukaingia fleti ya vyumba viwili, na kila kilichobaki tukakisukumia stoo: godoro, meza na friji ndogo ya binti yangu, na maboksi sita ya karatasi ambayo hakuna aliyeyafungua kuona ndani mna nini. Februari mdogo wangu akapiga simu kutoka Kibaha. "Dada, shikamoo. Wanataka ofa yenyewe, ile barua ya kumilikishwa kiwanja cha marehemu baba, siyo kopi. Tuna mpaka mwisho wa mwezi." Nikaenda stoo nikitoka kazini, nikakuta geti limeshafungwa. Nikarudi Jumamosi. Maboksi yalikuwa nyuma kabisa, yameegemea ukuta wa nje, na ilibidi nitoe godoro na friji peke yangu ndipo niyafikie. Boksi la chini lilikuwa limelainika kama andazi lililochovywa kwenye chai. Ofa niliikuta ndani ya bahasha ya kaki, kona moja imeota kuvu, wino wa muhuri umetambaa, ila bado unasomeka. Risiti nyingi zilizokuwa chini yake zilikuwa nyeupe pe, maandishi yote yamekwenda. Nilikaa pale sakafuni nikazitandaza moja moja juu ya khanga niliyokuja nayo.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na karatasi, ingawa wengi mmekuja kwa ajili ya kitanda.

Hatua ya kwanza: pepeta karatasi kabla hujatafuta chumba

Tandika shuka sakafuni, mwaga kila kitu, kisha ugawe mafungu manne. Tenga siku nzima, na usiifanye kazi hii usiku wa kuhama.

Fungu la kwanza ni la karatasi ambazo hazitoki nyumbani kwako abadan. Pasipoti zote, za sasa na zilizokwisha muda. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya talaka, vya vifo. Cheti cha uraia. Vyeti vya shule na vya chuo kutoka nyumbani. Wosia na karatasi za mirathi. Hati za ardhi na nyumba, za hapa na za Afrika Mashariki, pamoja na mikataba ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Pasipoti ya zamani watu huidharau, lakini mihuri yake ndiyo ushahidi wa lini ulitoka na lini uliingia, na siku ukijaza fomu ya uraia utaulizwa safari zako za miaka kadhaa, tarehe kwa tarehe. Hizi ziwekee kasha dogo la chuma linalostahimili moto, pasipo na joto wala bomba la maji. Zipige skani, nakala moja ibaki kwako na nyingine kwa ndugu unayemwamini.

Na tafadhali, vyeti usivipige lamineti. Najua nyumbani tulizoea, kila cheti cha kidato cha nne kilipelekwa stesheneri kikarudi kinang'aa. Lile joto na ile gundi huwezi kuviondoa tena bila kuichana karatasi, na mtu akitaka kukagua muhuri hana namna ya kuugusa. Mfuko wa plastiki wa kawaida unaofunguka juu unatosha.

Fungu la pili ni karatasi za mwaka huu: mkataba wa nyumba, bili, barua za kodi ya halmashauri, slipu za mshahara, barua za hospitali. Faili moja lenye vigawanyo, sebuleni, mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua.

Fungu la tatu ndilo la stoo: karatasi ambazo sheria au busara inataka uzitunze, lakini pengine hutazigusa kwa miaka. Nyingi ni za kodi. Mwaka wa kodi hapa unaisha 5 Aprili. Kama unajaza fomu ya kodi na huna biashara, HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya hapa, wanataka utunze kumbukumbu angalau miezi 22 baada ya mwaka huo kuisha, ikiwa fomu uliipeleka kwa wakati. Kama umejiajiri, iwe unaendesha teksi, unasuka nywele au unapika vyakula vya harusi, ni angalau miaka 5 baada ya ile tarehe ya mwisho ya kupeleka fomu, 31 Januari. Tufanye hesabu pamoja: fomu ya mwaka 2024–25 mwisho wake ni 31 Januari 2026, kwa hiyo mwenye biashara asiziguse karatasi za mwaka huo mpaka Januari 2031 iishe. Mwenye kampuni iliyosajiliwa anatunza miaka 6 tangu mwisho wa mwaka wa fedha wa kampuni. Tarehe hizi ziandike juu ya boksi kwa kalamu nene: "ZICHANWE BAADA YA JANUARI 2031". Ukifanya hivyo, miaka mitano ijayo hutakuwa na haja ya kufungua boksi ujiulize kama linafaa kutupwa.

Fungu la nne ni la kuchanwa leo. Bili ya gesi ya nyumba uliyohama 2011 haina kazi. Lakini yenye jina, anwani, nambari ya akaunti au ya bima ya taifa usiitupe nzima kwenye pipa la karatasi. Ipitishe kwenye mashine ya kuchana, na kama huna, omba kwa jirani au kazini.

Ukimaliza, familia nyingi hujikuta na maboksi mawili au matatu tu katika fungu la tatu. Hayo yanaweza kukaa juu ya kabati la nguo na usilipie stoo hata senti. Lipia stoo kwa karatasi pale tu ambapo nyumba imebana kweli, au biashara yako inazalisha karatasi nyingi.

Hatua ya pili: je, fenicha hizo zinastahili kulipiwa?

Chukua kalamu. Tuseme chumba unachokitaka ni pauni 20 kwa wiki. Kutoka katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba ni wiki 13, yaani pauni 260. Ongeza bima, kufuli, na kukodi veni mara mbili, kwenda na kurudi. Sasa weka pembeni bei ya kununua kitanda kingine na meza nyingine za mitumba Septemba. Mara nyingi meza ya mbao za kubandika haistahili. Godoro zuri, kiti cha kusomea kinachoutunza mgongo, baiskeli, cherehani na vyombo vya jikoni vinastahili.

Sofa ndiyo mtihani. Kabla hujaamua kuigawa, geuza mto utafute lebo ya kudumu ya usalama wa moto iliyoshonewa chini yake. Sheria ya samani na moto ya 1988 ndiyo iliyoileta, na maduka ya hisani huikataa sofa isiyo na lebo hiyo hata kama ni mpya. Watoto wengi huikata kwa sababu inawasha. Mwambie wako asiikate.

Halafu kuna kampuni zinazokuja chuoni kuchukua maboksi, zinayatunza na kuyarudisha, malipo yakiwa kwa kila boksi. Kwa mtoto mwenye maboksi matano na sanduku, asiye na kitanda wala meza, hiyo ndiyo njia rahisi, hasa kama anarudi Nairobi au Dar likizo na hapa hana mtu.

Hatua ya tatu: ukubwa wa chumba

Vyumba hupimwa kwa futi za mraba. Futi 25 ni tano kwa tano, na kimo kwa kawaida ni kama futi nane. Hicho kinatosha chumba kimoja cha mwanafunzi: maboksi kumi na tano hivi, kiti, godoro la mtu mmoja likiwa limesimama, na baiskeli. Ukiwa na kitanda, kabati na meza, angalia futi 35. Futi 50 wanaweza kuchanga wanafunzi watatu, lakini mkataba huwa na jina la mtu mmoja, na akichelewa kulipa huyo mmoja ni mali ya wote inayozuiwa. Waandikiane wao kwa wao, kila mmoja ameweka nini na analipa kiasi gani.

Chora chumba kwa utepe sakafuni nyumbani kabla ya kulipa. Kuna stoo zinazokuruhusu kuanza na chumba kidogo ukaongeza baadaye. Kuanza na kikubwa ni kulipia hewa.

Hatua ya nne: nenda ukakague, usikodi kwa simu tu

Ingia ndani ya chumba chenyewe utakachopewa. Vuta pumzi kwa pua. Harufu ya nguo zilizofungiwa zikiwa mbichi ni dalili ya unyevu. Angalia pembe za dari na pale ukuta unapokutana na sakafu: alama ya kahawia iliyojichora kama mstari wa chai kwenye kikombe inamaanisha maji yamewahi kufika. Omba chumba cha ndani ya jengo, siyo kontena la nje. Kontena la chuma hupata joto mchana na kupoa usiku, na matone huota kwenye paa lake kwa ndani. Ghorofa ya kwanza ni afadhali kuliko chini ikiwa kuna lifti ya mizigo.

Kisha kaa kitako na mkataba. Haya ndiyo ninayoyauliza mimi:

Bei hii ina VAT ndani yake? Tangu Oktoba 2012 stoo za aina hii zinatozwa asilimia 20, na bei ya kwenye tangazo wakati mwingine haiitaji.

Punguzo linaisha lini? Nusu bei kwa wiki nane za mwanzo ni jambo la kawaida. Kwa mwanafunzi wa wiki 13 hiyo ni neema. Kwa karatasi zitakazokaa miaka mitano, bei ya wiki ya tisa ndiyo bei yako, na tena wanaweza kuipandisha. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutochanganya mzigo wa msimu na mzigo wa miaka katika chumba kimoja: Septemba mtoto atakuja na wenzake, watatoa vitu kwa haraka, na maboksi yako yatabaki yamefunguka au yatasombwa nao.

Taarifa ya kuondoka ni siku ngapi, na siku zilizobaki nitarudishiwa pesa? Milango inafunguliwa saa ngapi, na Jumapili je?

Bima inalipa nini? Stoo nyingi hazikuruhusu kuingiza mzigo bila bima, ya kwao au ya kwako. Soma ukurasa wa visivyolipwa. Pesa taslimu, vito na hati mara nyingi vimo humo, na kuvu na nondo pia. Hakuna bima itakayokurudishia ofa ya kiwanja.

Na barua zao zitakwenda wapi? Hili nalisisitiza. Mwanafunzi hujiandikisha kwa anwani ya chuo, kisha anahama, anabadilisha laini ya simu, kadi ya benki inaisha muda. Malipo yanakwama, barua za onyo zinakwenda kwenye chumba ambacho sasa analala mtu mwingine. Mikataba mingi inaipa kampuni haki ya kuzuia mali, na baada ya muda kuiuza ili ijilipe. Weka anwani ya mzazi au ndugu asiyehama, na jina la mtu wa pili mwenye ruhusa ya kuingia. Kwenye wosia wako au daftari la nyumba andika kwamba stoo ipo, iko wapi na ufunguo unakaa wapi, ili ukiondoka ghafla wanao wasishindwe hata kujua kuna mlango wa kuufungua.

Siku ya kusaini utaombwa kitambulisho chenye picha na uthibitisho wa anwani. Kwa mwanafunzi kutoka nyumbani hiyo ina maana ya pasipoti, kwa hiyo isiwe imeshafungwa kwenye boksi.

Hatua ya tano: kufunga karatasi

Boksi liwe dogo. Rimu moja ya karatasi za A4 ina kilo mbili na nusu, na boksi la rimu tano ni zaidi ya kilo kumi na mbili. Ukijaza karatasi kwenye boksi la televisheni halitanyanyuka, au litanyanyuka na kitako kibaki chini. Mimi siku hizi natumia makasha ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na ndani natia vifuko viwili vya silika, vile vidogo vinavyokuja na viatu vipya.

Toa mipira ya kufungia, maana huoza na kunata. Toa vibanio vya chuma kwenye karatasi za muda mrefu, maana hupata kutu na kuacha alama nyekundu. Zile risiti laini za dukani na za mashine ya kadi zimechapwa kwa joto, hazina wino, na zitafutika hata zikikaa pakavu, upesi zaidi zikigusana na plastiki au zikipigwa na jua. Hivyo ndivyo zilivyokwenda zangu. Zipige picha au kopi wiki ile ile unayozipata, na uhifadhi kopi. Karatasi zikiwa na hata unyevu wa mkono, zianike ndani siku mbili kabla ya kufunga. Kasha linalobana hubana na unyevu pia.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni karatasi moja tu: kasha namba 1, lina nini, la mwaka gani, lichanwe lini. Nakala moja juu ya kasha, nyingine nyumbani, na picha yake kwenye simu. Nje ya kasha usiandike "benki" wala "mishahara", namba inatosha.

Hatua ya sita: kufunga fenicha

Kitanda kifunguliwe chote. Skrubu na nati zitie kwenye mfuko mdogo, ufunge mfuko huo kwenye chaga moja kwa utepe, pamoja na bisibisi inayozitosha. Kabla ya kufungua piga picha ya kila kiungo. Septemba saa mbili usiku, mtoto akiwa peke yake chumbani, picha ile ndiyo fundi wake.

Friji izimwe siku moja kabla, iyeyuke, ifutwe ikauke kabisa, na mlango uachwe wazi kidogo kwa kitambaa kilichokunjwa. Godoro litiwe kwenye mfuko wake wenye matundu ya hewa. Mbao na sofa usizizungushie nailoni hadi zikose pumzi, zifunike kwa shuka kuukuu. Nguo zifuliwe kwanza, kwa kuwa nondo hufuata jasho.

Chakula hakiingii, na mikataba mingi inasema hivyo, pamoja na mitungi ya gesi, mafuta na rangi. Wazungu wakisema chakula wanafikiria mikebe. Sisi tuangalie ule mfuko wa dagaa wa Kigoma ambao bibi aliutuma na shangazi, kilo mbili za unga wa mhogo, mchele uliobaki ndani ya ndoo, na tangawizi ya unga kwenye kopo la chai. Panya hahitaji mwaliko mwingine. Zunguka jikoni mwenyewe, fungua kila kopo. Na skuta au baiskeli ya umeme, uliza kabla: betri za lithiamu zina hatari ya moto na stoo nyingi hazizitaki.

Hatua ya saba: kupanga ndani

Weka paleti au mbao chini, usiweke kitu moja kwa moja juu ya sakafu ya zege. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya mzigo na ukuta. Vizito chini, nyuma. Godoro lisimame pembeni, lisiwekewe vitu juu. Kama makasha ya karatasi yamo humo, yakae mbele, upande wa kulia wa mlango, kwenye rafu au juu ya meza, siyo chini. Uache njia ya kupita ubavu mpaka nyuma. Ukimaliza, simama mlangoni upige picha, kisha funga kwa kufuli nene ambalo mkasi wa chuma haupati pa kuling'ata.

Mizigo ya karatasi itembelee mara moja kati ya Novemba na Januari, unyevu unapokuwa mwingi. Dakika kumi zinatosha: gusa ukuta, fungua kasha moja, nusa, badilisha vifuko vya silika.

Hatua ya nane: kutoa

Toa taarifa Agosti, kwa maandishi, na utunze jibu lao. Weka miadi ya veni mapema, kwa sababu katikati ya Septemba kila mwanafunzi mjini anaitafuta veni ile ile. Ukishatoa mzigo, fagia, piga picha chumba kitupu, ondoa kufuli lako. Kufuli likibaki mlangoni wanaweza kuhesabu kwamba bado umo. Kisha siku tatu baadaye tazama benki, uone kama malipo yamesimama kweli.

Godoro liegemezwe dirishani mchana mmoja kabla ya kulitandika. Na kama kasha lolote la karatasi limefikisha tarehe iliyoandikwa juu yake, lisirudi stoo: lipeleke moja kwa moja kwenye mashine ya kuchana, kisha ukate namba yake kwenye daftari.